Kumpoza Kichanga Aliyekosa Oksijeni: Maswali na Majibu

Kwa nini apozwe, wakati siku zote tunaambiwa tumkinge kichanga na baridi?

Ushauri huo uko palepale kwa kichanga mzima. Huyu alikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, labda kondo la nyuma liliachia mapema au kitovu kilibanwa. Baadhi ya seli za ubongo hufa hapohapo. Nyingine hupata nafuu ya muda, kisha saa chache baadaye huanza kuishiwa nguvu na kufa. Kumpoza hupunguza matumizi ya nguvu ya ubongo, hivyo seli nyingi za kundi hili la pili huokolewa. Ndiyo sababu tiba ianze ndani ya saa 6 tangu azaliwe, na ikiwahi zaidi ni bora.

Kila aliyechelewa kulia hupozwa?

La. Kwa kawaida awe ametimiza angalau wiki 36 za mimba. Pawe na ushahidi wa kukosa oksijeni: Apgar (alama 0 hadi 10 za hali ya mtoto baada ya kuzaliwa) isiyozidi 5 dakika ya 10, au dakika hiyo bado anasaidiwa kupumua, au pH (kipimo cha asidi) ya damu ya kitovu ni 7.0 au chini. Pia awe na dalili za ubongo kuumia, kama kulegea, kushindwa kunyonya, kutoamshika au degedege.

Hupozwaje?

Hita huzimwa, naye hulazwa juu ya godoro linalopitisha maji baridi. Kipimajoto chembamba huingizwa sentimita 5 hivi kwenye njia ya haja kubwa na kubandikwa kwa plasta pajani. Plasta hiyo ikaguliwe mara kwa mara: kipimajoto kikichomoka husoma joto la nje, na mashine humpasha mtoto moto ikidhani amepoa mno.

Joto hushikiliwa kati ya nyuzi 33 na 34 kwa saa 72, kisha hupandishwa taratibu, lisizidi nusu nyuzi kwa saa. Ukiharakisha, shinikizo la damu hushuka na degedege huweza kurudi.

Madhara yake?

Mapigo ya moyo hushuka chini ya 100 kwa dakika, na hilo hutarajiwa. Damu huweza kuchelewa kuganda. Ini hufanya kazi polepole, kwa hiyo mofini, dawa ya kutuliza maumivu, hurundikana mwilini kipimo kisipopunguzwa. Ngozi ya mgongoni ikiwa na mabonge magumu, hata wiki kadhaa baadaye, kalsiamu ipimwe, kwani huweza kupanda kwa hatari.

Pasipo na mashine, tutumie barafu?

Msithubutu. Joto likishuka mno chini ya nyuzi 33, moyo huweza kupoteza mpangilio na damu kuvuja. Hata hospitalini tiba hii haifai kila mahali: utafiti wa HELIX wa mwaka 2021 katika India, Sri Lanka na Bangladesh ulikuta vifo vikiongezeka kwa waliopozwa. Pasipo na wodi yenye uwezo, hudumieni pumzi, sukari na degedege, na homa isiachwe kabisa, maana joto la juu huzidisha jeraha la ubongo.

Atapona kabisa?

Katika majaribio ya awali, kati ya takriban watoto 7 waliopozwa, mmoja aliepushwa kifo au ulemavu mkubwa. Picha ya ubongo ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) katika wiki ya kwanza hutoa mwanga, lakini kliniki isikatishwe hadi afikishe miaka 2, kwa kuwa kuchelewa kukaa, kutembea au kusema hujitokeza baadaye.