Mafuriko hayamgeuzi kila mtu mwizi

Barazani Ngamiani, Tanga, yakitajwa mafuriko tu utasikia: maji yakiingia watu hugeuka wezi, polisi wasipofyatua risasi mji umekwisha. Mfano wao ni New Orleans, Marekani, baada ya kimbunga Katrina, 2005. Wamechagua vibaya. Habari nyingi za mauaji ndani ya Superdome, uwanja wa michezo walikokimbilia watu, zilikuwa uvumi. Wizi ulikuwapo, sikatai, ila wengine walibeba maji na nepi za watoto. Septemba 4, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwamiminia risasi raia wasio na silaha: wawili wakafa, wanne wakajeruhiwa. Kisha wakatunga ripoti ya uongo. Kwetu, ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika, wala haisemi "isipokuwa siku za mafuriko".