“Mbona sina kidonda?”

“Daktari, mbona sina kidonda? Nitamwambukizaje?” Swali hili lingebandikwa kwenye mlango wa kila kliniki hapa Moshi, na jibu lake chini, “Utamwambukiza tu,” nusu ya foleni ingepungua.

Nazungumzia herpesi ya sehemu za siri, hasa inayoletwa na virusi vya HSV-2. Mkanda wa jeshi ni virusi vingine, vile vya tetekuwanga. Na choo cha stendi hakihusiki, hata kinuke vipi.

HSV-2 inajificha kwenye mafundo ya neva chini ya mgongo, usawa wa makalio. Mara kwa mara virusi vinashuka na neva hadi kwenye ngozi. Vikishuka vingi, lengelenge linatoka. Vikishuka vichache, kinga ya mwili inavizima kabla hujahisi lolote, ila kwa muda huo viko juu ya ngozi, na ngozi ya mwenzako ipo pale pale. Watu wenye HSV-2 walipojipangusa kwa pamba kila siku na pamba hizo zikapimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachosaka vinasaba vya virusi, virusi vilionekana takribani siku 20 katika kila 100 kwa waliowahi kupata vidonda. Kwa wale ambao hawajawahi kuona kidonda maishani? Siku 10 hivi katika 100. Tena karibu nusu ya vipindi hivyo havifikishi hata nusu siku: vinaanza jioni, asubuhi vimekwisha.

Halafu hiyo “sina dalili” yenyewe, mara nyingi si kweli. Dalili ilikuwepo, ikapewa jina lingine. Kampasuko kembamba kama kalikokatwa na wembe, kanachonyota ukikojoa, siku tatu nne kamepona. Mwanamke ataambiwa ni fangasi, au ile UTI isiyoisha. Mwanamume atasema alijikwaruza akinyoa. Neva zile zile zinahudumia makalio, mapaja na eneo la haja kubwa, kwa hiyo kidonda cha herpesi kinaweza kutokea huko pia. Angalia kama kinarudi pale pale au jirani, kama kinatanguliwa na muwasho au ganzi siku moja kabla, na kama kinapona bila dawa. Kikitokea, njoo kikiwa kibichi tuchukue sampuli. Kikishakauka, kipimo kinaweza kusema huna herpesi wakati unayo. Na kuanzia ule muwasho wa kwanza hadi ngozi mpya ifunge, hakuna tendo, hata kwa kondomu.

Kondomu inapunguza hatari, ila haifuniki korodani wala mapaja. Na ivaliwe kabla ngozi hazijagusana, siyo dakika ya mwisho.

Dawa je? Utafiti uliochapishwa 2004 ulifuatilia jozi 1,484 za wapenzi, mmoja ana HSV-2 na mwenzake hana. Katika miezi 8, waliopewa vidonge visivyo na dawa waliwaambukiza wenzao asilimia 3.6, waliomeza valasikloviri, dawa ya kuzuia virusi hivi, miligramu 500 kila siku, asilimia 1.9. Karibu nusu, siyo sifuri. Tena huo ni wastani. Mwaka wa kwanza wa maambukizi virusi vinatoka zaidi, na mwanamke anaambukizwa kwa urahisi kuliko mwanamume.

Vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini Moshi yetu ilikuwa kituo kimojawapo cha utafiti mkubwa uliochapishwa 2010, wa wapenzi ambao mmoja alikuwa na VVU pamoja na HSV-2. Asikloviri, dawa ya jamii hiyo hiyo, miligramu 400 mara mbili kwa siku ilipunguza vidonda kwa asilimia 73. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Ya herpesi nayo, yalipochambuliwa baadaye, hayakupungua. Kwa hiyo mwenye VVU simwahidi ile “karibu nusu”.

Sasa lile la “nani kaileta nyumbani”. Damu haijibu. Kidonda cha kwanza kuonekana kinaweza kuja miaka mingi baada ya maambukizi, kwa hiyo kutokea leo hakuthibitishi mchepuko wa mwezi jana. Vipimo vya damu vinasaka kingamwili, IgM au IgG. Cha IgM msilipie, hakitenganishi ambukizo jipya na la zamani. IgG ya HSV-2 isubiri wiki 12 tangu siku unayoitilia shaka, na majibu yaje na namba, siyo neno “chanya” tupu. Ikiwa kati ya 1.1 na 3, rudia kwa kipimo cha aina nyingine kabla hujamgombeza mtu.