Damu ya mtu mmoja, uvimbe wa mwingine

Usiku mmoja nilipiga makofi peke yangu mbele ya kompyuta, hapa Bukavu, betri ya sola ikikaribia kuzima. Uvimbe wa mlango wa kizazi niliokuwa nauchambua ulikuwa na maelfu ya mabadiliko ya jeni. Kwetu sisi tunaochunguza jinsi kinga ya mwili inavyoitambua saratani, hiyo ni neema: mabadiliko yakiwa mengi, protini ngeni ni nyingi, na kinga inapata pa kushikia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia wenzangu.

Niiache hapo kidogo. Mama mdogo anauza maharage soko la Kadutu, na kila nikipita ananiuliza: "Weye uko munganga ya namna gani, haugusake mugonjwa?" Jibu nimelipata mezani kwake. Mteja hachimbi gunia mpaka chini. Mama mdogo huchota konzi moja, akaimwaga kwenye sahani, na mteja akalipima gunia zima kwa konzi ile. Seli nazo hukatakata protini zilizo ndani yao na kutandaza vipande nje, vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Seli T za kinga hupita zikikagua. Kipande chenyewe ni kidogo mno, mara nyingi asidi amino 9 tu, yaani matofali 9 ya protini, lakini kikiwa kigeni kinatosha kuisaliti seli nzima.

HLA ndiyo mikono inayochota. Ile ya kundi la A, B na C inafika sita: mitatu ya baba, mitatu ya mama, na jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Inatofautiana ajabu kati ya mtu na mtu. Kipande ambacho mkono wangu unakiokota, wako unaweza kukipita kama haukukiona.

Kwa hiyo kazi yangu ni hii. Hospitali inachukua damu na kipande cha uvimbe, DNA inasomewa nje ya nchi, mimi naletewa mafaili. Ukiyafungua unaona mistari minne minne: jina, herufi kama 150 za A, C, G na T, alama ya kujumlisha, kisha mstari wa alama za ajabu zinazosema kila herufi iaminiwe kiasi gani. Kila alama inasimamia namba; ikiwa 30, maana yake uwezekano wa kosa ni 1 kati ya 1,000. Nalinganisha damu na uvimbe. Kilicho kwenye uvimbe peke yake ndicho cha saratani. Kisha naiuliza programu: katika vipande vya protini vinavyotokana na mabadiliko hayo, mikono ya mgonjwa huyu itachota vipande gani?

Kwa saratani ya mlango wa kizazi naongeza protini mbili za virusi vya HPV, E6 na E7. Aina ya 16 na ya 18 za virusi hivyo husababisha kama asilimia 70 ya saratani hizo. Mimi nazipenda protini hizi kuliko mabadiliko yote ya jeni, kwa sababu ni ngeni kabisa mwilini na uvimbe hauwezi kuzitupa: ndizo zinazouweka hai. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 waliipata James Allison na Tasuku Honjo kwa kugundua namna ya kuzilegeza breki za seli T, na walistahili. Ila breki ikilegezwa kwa seli isiyoona kitu, gari linakwenda wapi? Na dawa zenyewe za kulegeza breki, kwa bei yake, huku tunazisoma kwenye makala tu.

Sasa nirudi kwenye makofi yangu. Kabla ya kutuma ujumbe nikasoma HLA ya damu, kisha ya uvimbe. Hakuna mkono hata mmoja uliofanana. Nilijitetea kwanza: uvimbe hujua kuficha HLA ili usionekane, hilo linajulikana. Lakini kuficha ni kupunguza. Uvimbe unaweza kupoteza mikono mitatu. Hauwezi kuota sita mipya. Nilikuwa nimelinganisha damu ya mama mmoja na uvimbe wa mama mwingine, na yale maelfu yalikuwa tofauti za kawaida kati ya watu wawili.

Tulipoangalia picha za vichupa, tuliona kosa. Tarakimu ya 1 iliandikwa kwa mkia mrefu, kama tulivyofundishwa na masista, na ile ya 7 haikukatwa katikati. Kichupa cha 1 kilisomwa 7.

Lipo kosa jingine ambalo siwezi kulirekebisha kwa kalamu. Programu hizi zimefunzwa zaidi kwa HLA zilizozoeleka Ulaya, hasa ile iitwayo A*02:01. Mgonjwa wangu akiwa na mkono usiopimwa sana, programu inaazima majibu ya mkono unaofanana nao, halafu inakupa namba yenye desimali zilezile, bila aibu. Mimi hizo naziwekea rangi ya manjano, na ripoti zangu nyingi ni za manjano.

Siku hizi HLA naisoma kwanza, kabla sijahesabu chochote. Na kijana anayeandika vichupa anaikata saba yake katikati, kwa nguvu, mpaka karatasi inakwaruzika.