Je, wajua kwa nini mlipuko wa ugonjwa hupenda njia panda?

Mvua ya Moshi ikishika, watoto wa dada yangu hawana pa kwenda, basi tunatoa boksi nililolikata na kulichora ramani: Moshi, Boma Ng'ombe, Arusha, Himo, Marangu, Holili, Same. Vizibo vya soda ndio wagonjwa. Kanuni nimeziiba kwenye Pandemic, mchezo wa mezani wa Mmarekani Matt Leacock uliotoka mwaka 2008. Humo hakuna kushindana. Wachezaji wote wanapambana na ugonjwa.

Mji hubeba vizibo vitatu. Cha nne hakikai: kila mji unaopakana nao kwa barabara unapata kimoja. Marangu ikifurika, anayeumia ni Himo tu. Himo ikifurika, vinarukia Moshi, Marangu, Holili na Same kwa mpigo, na kama Moshi nayo ilikuwa na vitatu, inalipuka na kuirushia Boma. Hapo kelele huanza. Himo ni kadogo mbele ya Moshi, lakini ugonjwa hauangalii wingi wa watu peke yake. Unaangalia pia mabasi yanatokea wapi na kwenda wapi.

Kanuni ninayoipenda zaidi ni hii: kadi ya mji ikitoka, mji huo unapata kizibo, lakini kadi ya janga ikitoka, kadi za miji iliyokwishaugua zinachanganywa na kurudishwa juu ya rundo, hivyo miji ileile hutoka tena.

"Mjomba, Himo tena? Umechakachua!"

Sikuchakachua. Ugonjwa hurudi palepale kwa sababu chanzo chake mara nyingi hakijahama. Marburg, ugonjwa unaoletwa na virusi, ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, ikatangazwa kwisha Juni 2, baada ya kuhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya. (Virusi hivyo huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili; wataalamu huzidisha mara mbili kwa usalama.) Januari 2025, Kagera tena. Virusi hivyo makazi yake ya asili ni popo wanaokula matunda, na popo hawasikilizi matangazo.

Ila mchezo una uongo mmoja mkubwa: hakuna anayepata kinga. Chukua surua. Pasipo na kinga, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Sasa, kati ya hao 18, wakiwa 17 wamechanjwa na kinga ikashika, anabaki wa kuambukizwa mmoja tu, na mlipuko haukui. Kumi na saba kwa kumi na nane ni karibu asilimia 95, na ndiyo maana wahudumu wa kliniki hung'ang'ania dozi ya pili.

Binti mkubwa aliposikia hayo akatunga kanuni yake: kizibo kilichopona kinalazwa chali na kubaki mjini, na kizibo kipya kikitua juu yake kinarudi kwenye kopo. Jioni ile kadi ya Himo ilitoka mara tatu, hakuna kilichoruka. Mdogo wake akanuna, akisema tumemharibia mchezo.