Foleni ya Saa 11 Jioni

Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kufungwa kwa shule, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa siku moja tu kabla. Nilirudi nyumbani Chuno, hapa Mtwara mjini, nikiwaza watoto watakavyoshinda ndani. Siku kumi baadaye kazi nayo ikanifuata hukohuko. Kenya ilianza kafyu tarehe 27 Machi, na shirika ninalolitumikia, lenye makao makuu Nairobi, likaagiza kila mfanyakazi afanyie kazi nyumbani, awe nchi yoyote.

Hapa kwetu hakuna aliyefungiwa. Soko lilikuwa wazi, bodaboda zilikuwa barabarani, msikitini watu walinawa kwenye ndoo ya maji tiririka kisha wakaingia kuswali. Mtaa mzima, mtu mzima aliyeshinda ndani kutwa akiwa ameinamia kompyuta ni mimi. Jirani alimwuliza mama mkwe kwa sauti ya chini kama nimeachishwa kazi. Kwa wiki ile ya kwanza mama mkwe hakuwa na jibu la kumpa, na mimi sikuwa nimekaa naye nikamweleza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na halikuwa la kiufundi.

Kazi yangu ni mitandao ya kompyuta na seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi na kuhudumia mfumo. Maofisa wetu wanakusanya takwimu za mashamba vijijini kwa simu, zinaingia kwenye mfumo, na mimi ndiye ninayehakikisha mfumo huo hausimami. Ofisini nilikuwa na intaneti ya waya na chumba chenye mlango. Nyumbani tulikuwa sita: mimi, mume wangu ambaye ni afisa ugani, mama yake, na watoto watatu. Wote tulitegemea ruta moja ya laini ya simu, kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Walimu walikuwa wanatuma kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: picha za ubao, mafaili, na maagizo kwamba mtoto arekodiwe akisoma kisha video itumwe.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Wafadhili wetu wako London, na kikao chao cha saa 9 alasiri, kwa majira ya kiangazi ya Uingereza, ni saa 11 jioni kwetu. Mwanamke yeyote wa pwani anajua saa 11 jioni ya mwezi mtukufu ni saa gani jikoni. Muhogo umeiva, tui zito ndiyo linatiwa, na tui halitaki kuachwa. Binti yangu wa darasa la saba alishika mwiko huku mimi nikieleza ripoti ya seva, na kila baada ya dakika mbili alichungulia mlangoni kuniuliza kwa macho: bado? Siku ya nne mama mkwe aliingia chumbani akasema kwa sauti yake yote, "Mkwe, tui linakatika!" Maiki ilikuwa wazi. Jioni ile baada ya futari nilimketisha, nikamwonyesha nyuso za watu kwenye kioo, nikamwambia huyu yuko Nairobi, huyu London, na wote wananisubiri mimi niseme. Alitazama muda mrefu. Kesho yake saa 11 alikaa jikoni mwenyewe na mwiko, na jirani alipouliza tena nilimsikia akijibu, "Yuko kazini."

Lakini kilichonisukuma niandike ni kilichotokea mwezi Juni.

Mfumo wetu ulisimama mchana. Kwenye kikao cha saa 11 nilitakiwa kumwelekeza mwenzangu wa Nairobi, hatua kwa hatua, namna ya kurudisha kanzidata, yaani hazina ya takwimu zetu zote, kutoka kwenye nakala ya akiba. Hiyo ni kazi ya hatari, ukiruka hatua moja unaandika juu ya data nzima. Katikati ya maelezo sauti yangu ikaanza kukatakata. Akasikia "fute," hakusikia "usi-" iliyotangulia. Mungu alisaidia akauliza kabla ya kubonyeza.

Nilifanya ambacho wengi wetu hufanya. Niliulaumu mtandao wa simu, nikanunua bando kubwa zaidi, nikapiga huduma kwa wateja nikaambiwa nizime ruta na kuiwasha. Jioni iliyofuata, saa ileile, sauti ikakatika tena. Bando lilikuwa limejaa tele. Kipimo cha spidi nilichofanya asubuhi kilionyesha megabiti 14 kwa sekunde za kushusha, na sauti ya kikao haihitaji zaidi ya kilobiti 100 kwa sekunde. Mtu wa taaluma yangu alipaswa kusimama hapo na kujiuliza: kama barabara ni pana hivi, gari langu dogo limekwama wapi?

Nikafungua dirisha jeusi la amri la Windows (Command Prompt), nikaandika ping 8.8.8.8 -t. Amri hii hutuma pakiti ndogo, yaani kipande cha data, kwenye seva ya Google na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Mchana ilikuwa inacheza kwenye 70 na 80. Nikaiacha iendelee. Saa 11 na dakika tano namba zikaanza kupanda: 300, 900, 1,600, 2,400. Wakati huohuo nikasikia geti. Mume wangu amerudi.

Juni ni msimu wa kupulizia salfa mikorosho. Afisa ugani kutwa yuko mashambani akipiga picha za majani na maua yenye ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, na siku hiyo alikuwa na picha 80. Simu yake ikishaona Wi-Fi ya nyumbani, bila kumwuliza mtu, inaanza kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila picha ilikuwa na takriban megabaiti 4, jumla 320. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ni megabiti 2,560. Jioni, mnara ukiwa na watu wengi, laini yetu ilikuwa inapandisha megabiti 1.5 tu kwa sekunde. Gawanya: karibu nusu saa ambayo njia ya kutoka nyumbani imejaa pomoni, na nusu saa hiyo inaanza dakika tano baada ya kikao kuanza.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wauza bando hawayaelezi. La kwanza, spidi ya kushusha na ya kupandisha ni vitu viwili. Matangazo yote ni ya kushusha, kwa sababu watu wengi wanaangalia video. Kikao kinataka njia zote mbili, na ile ya kupandisha ndiyo nyembamba.

La pili ndilo kubwa. Njia ikijaa, ruta haitupi mara moja pakiti zinazozidi. Inazipanga kwenye kumbukumbu yake, tunaita bafa, zisubiri zamu. Fikiria kivuko cha Msangamkuu, kinachovusha watu na mizigo hapa Mtwara. Mfanyabiashara amefika gatini na magunia mia nne, kayapanga yote mbele. Nyuma yake anafika mama mwenye kikapu kimoja cha samaki. Kivuko kinafanya kazi vizuri, hakijaharibika, wala hakijapunguza mwendo. Lakini kama utaratibu ni aliyetangulia apakie kwanza, samaki wa yule mama wataoza gatini. Magunia ni picha za mume wangu. Kikapu ni sauti yangu, ambayo programu ya kikao huikata vipande vidogo, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20. Ping ya 2,400 kwenye njia ya megabiti 1.5 ina maana kuna takriban kilobaiti 450 za picha zimejipanga mbele ya kila kipande. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na ikivuka 400 haifai kwa mazungumzo. Kipande kinachofika baada ya sekunde mbili programu inakitupa, maana sentensi imeshapita. Picha yenyewe haijali ikichelewa sekunde mbili au dakika mbili. Aliyeumia ni mwenye mzigo mdogo na wa haraka.

Mmarekani Jim Gettys aligundua jambo hili kwenye mtandao wa nyumbani kwake mwaka 2010, akalipa jina lenye maana ya bafa kuvimba. Watengenezaji walikuwa wameweka bafa kubwa kwa nia njema, ili data isipotee, wakasahau kwamba foleni ndefu nayo ni hasara. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa utaratibu wa kuifupisha, na toleo lililokua kutokana na huo, fq_codel, limo ndani ya programu ya bure ya ruta iitwayo OpenWrt. Kazi yake gatini ni rahisi kuieleza: kila msafiri anapata mstari wake, kivuko kinachukua kidogo kutoka kila mstari, na mwenye kikapu hapangwi nyuma ya magunia ya mtu mwingine.

Nilikuwa na ruta ya zamani kabatini inayokubali OpenWrt, nikaiunganisha na ile ya laini. Kuna sharti moja ambalo watu hulisahau: lazima uiambie ruta kiwango kilicho chini ya uwezo halisi wa laini, ili foleni itokee kwako unakoweza kuisimamia, isitokee mbele kwenye kifaa usichokigusa. Laini ya simu inabadilikabadilika, kwa hiyo nilipima kwa siku tatu nikachagua megabiti 1.2 za kupandisha. Nilipoteza spidi kidogo kwa makusudi. Jioni iliyofuata mume wangu aliingia na picha zake, simu ikaanza kupandisha, na ping haikuvuka 140. Nilimwita aone. Yeye ni mtu wa mikorosho, lakini mchoro wa gati alioniona nikiuchora aliuelewa papo hapo, na mwenyewe akaingia kwenye simu akaweka picha zipandishwe usiku tu, ikiwa kwenye chaji.

Nilizima na picha yangu ya video. Zoom, wenye programu ya vikao vya mtandaoni, wenyewe wanataja takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwa picha ya ubora mzuri, yaani megabaiti 270 kwa saa upande mmoja. Kwenye laini kama yangu hiyo ni nusu ya njia kwa ajili ya uso ambao wenzangu wanaujua.

Sasa niseme la watoto. Nilipopata uwezo wa kupanga mistari, niliiweka kompyuta yangu mbele kwenye foleni na kishikwambi cha watoto nyuma kabisa, kutwa nzima. Niliona ni haki, mshahara ndio unaolipa bando. Wiki moja baadaye mwanangu wa darasa la tatu alikuja na kishikwambi mkononi, machozi yanamlengalenga. Alikuwa amerekodi kusoma kwake mara tano. Video ilikuwa bado inazunguka pale, na mwalimu alishatuma kwenye kundi majina ya ambao hawajawasilisha. Jina lake lilikuwa la pili. Nilikuwa nimemfanyia mwanangu kilekile nilichofanyiwa na zile picha, tena kwa kuandika amri kwa mikono yangu mwenyewe. Kuanzia siku ile, saa 3 hadi saa 5 asubuhi kishikwambi kilikuwa cha kwanza, na Nairobi waliambiwa saa hizo nitasoma barua pepe, sitaingia kikaoni. Hakuna aliyelalamika.

Mafaili ya walimu nilikuwa nayashusha alfajiri kwa bando la usiku, watoto wakiamka yapo. Na mwalimu alipokubali sauti badala ya video, mambo yalilainika kabisa, kwa kuwa dakika moja ya sauti haifiki hata nusu ya megabaiti. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu hilo. Wengi hawajui kwamba kuna mtoto anarekodi mara tano.

Redio nayo isidharauliwe. Vipindi vya masomo vilipoanza kurushwa, redio ya mama mkwe ndiyo iliyokuwa darasa, na haikula bando hata shilingi. Alikaa nao barazani, naye akisikiliza, na jioni aliwauliza maswali ya sayansi ambayo mimi nisingeyakumbuka.

Kuhusu umeme kukatika: ruta nyingi zinatumia volti 12, na yangu inakula wati 6 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa 7. Weka kifaa cha kudhibiti volti katikati, maana betri ikiwa kwenye chaji hupanda hadi karibu 14 na inaweza kuunguza ruta.

Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Mimi niliendelea kufanyia kazi nyumbani, na mistari ya ruta sijaifuta.

Ukitaka kujua kama kwako kuna foleni, huhitaji fundi. Anzisha ping kama nilivyofanya, kisha chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, umtumie mtu video kubwa kwa WhatsApp. Namba zikiruka kutoka makumi hadi maelfu, ni foleni, na bando kubwa halitaiondoa. Zikibaki palepale na sauti bado inakatika, huenda tatizo liko hewani: isogeze ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara, ujaribu tena. Kwetu dirisha hilo ni la chumba cha mama mkwe. Aliridhia ruta ikae juu ya kabati lake la nguo, ila taa zake zisimwangazie akilala. Nimezifunika kwa kipande cha khanga.