Bakteria wa Udongo na Vimeng'enya Vinavyovua Fosfeti: Maswali na Majibu

Fosfatasi za protini ni nini hasa?

Ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, vinavyovua fosfeti (kikundi kidogo cha atomi chenye fosforasi) kwenye protini nyingine. Ndani ya seli, iwe ya mtu au ya bakteria, protini nyingi huamka au hutulia kutegemea kama zimevishwa fosfeti. Vimeng'enya vya kuvisha huitwa kinasi, vya kuvua ndivyo fosfatasi. Kwa njia hiyo seli hubadili mwenendo upesi, bila kusubiri protini mpya zitengenezwe. Edmond Fischer na Edwin Krebs, walioutambua utaratibu huu kwenye misuli ya wanyama, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Ndizo zile fosfatasi za udongo zinazosaidia mimea?

Hapana. Zile hutolewa nje ya seli ili kufungua fosforasi iliyonaswa kwenye mabaki ya viumbe. Jina limefanana, kazi ni mbalimbali.

Bakteria wa udongo anazihitaji kwa nini?

Kwa sababu udongoni hakuna uhakika: leo kuna unyevu, kesho ukame, na chakula huja na kuisha. Mtazame *Bacillus subtilis*, aliyechunguzwa kuliko wengi. Njaa ikimkaza, hujigawa sehemu mbili zisizolingana, moja kubwa na moja ndogo. Kwenye ukuta mpya unaozitenganisha hukaa fosfatasi iitwayo SpoIIE.

Ndani ya sehemu ndogo kuna protini iitwayo sigma F, yenye uwezo wa kuwasha jeni za kutengeneza spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi. Lakini sigma F imeshikwa na mlinzi, SpoIIAB. Ipo ya tatu, SpoIIAA, ambayo ingeweza kumvuta mlinzi huyo pembeni, ila ikiwa imevishwa fosfeti haina nguvu hiyo. SpoIIE huivua. Hapo SpoIIAA humkamata mlinzi, sigma F huachiliwa, na ujenzi huanza. Saa 7 au 8 tangu safari ianze, seli kubwa hupasuka na kuiacha spora peke yake. Naomba msomaji asiipite hatua hii haraka, maana ndiyo inayoeleza mengi tunayohimizana kuhusu vidonda.

Hilo linanihusu vipi?

*Clostridium tetani* anayeleta pepopunda na *Bacillus anthracis* anayeleta kimeta ni bakteria wanaoishi udongoni kama spora, na wote wawili wana SpoIIE. Spora yao hustahimili ukame wa miaka, spiriti na hata maji yanayochemka. Ndiyo maana vifaa vya upasuaji huwekwa kwenye mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi, kwa dakika 15 au zaidi. Antibiotiki nazo hazina pa kuishika spora, kwani hushambulia seli iliyo hai na inayofanya kazi, na spora imelala.

Spora ya pepopunda ikizama kwenye jeraha la kina lisilopata hewa, huamka na kutoa sumu inayokaza misuli, mara nyingi ikianzia kwenye taya. Kwa hiyo jeraha lililoingia udongo lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, kisha uende kituo cha afya ukaulizwe kuhusu chanjo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 6: 3 za mwanzo utotoni, na 3 za kuongezea nguvu. Hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona anahitaji chanjo. Sumu hii ni kali mno, kiasi kwamba kiwango kidogo kinachomwangusha mtu hakitoshi kuufundisha mwili wake kujikinga.

Kwa nini tusipate dawa ya kuzizuia fosfatasi hizi?

Ugumu ni kwamba seli zetu nazo zina fosfatasi za ukoo huohuo, na dawa isiyochagua itatuumiza sisi. Hata hivyo watafiti wanaendelea. Bakteria wa kifua kikuu hupenyeza fosfatasi mbili, PtpA na PtpB, kwenye seli za kinga zilizommeza, ili zisimmalize. Hizo zinatazamwa kwa karibu kama shabaha ya dawa.

Kuna dawa moja ambayo tayari huzuia fosfatasi, ila ni yetu sisi, siyo ya bakteria: takrolimusi. Iligunduliwa Japani mwaka 1984, ikitengenezwa na bakteria wa udongo, *Streptomyces tsukubaensis*. Huizuia kalsinyurini, fosfatasi ambayo seli zetu za kinga huitegemea ili kuanza mashambulizi, na hivyo mwili hauikatai figo au ini lililopandikizwa. Anayeitumia asiiache wala kubadili dozi bila daktari wake. Na kwa kuwa kinga yake imeshushwa kwa makusudi, jeraha lake lenye udongo lisisubiri hadi kesho.