Hiyo rada iache kwenye gari

Nilishaapa siandiki tena kuhusu huu ubishi wa spidi kwenye besiboli. Ila Jumapili nilikuwa kwenye nyama choma ya Watanzania hapa Houston, sahani mkononi, akaja mzee mmoja akanisogezea simu mpaka puani, klipu ya kijana anarusha mpira maili 103 kwa saa, afu ananiambia "huyu ndo mrushaji kocha, hao unaowasifia wewe wanarusha maandazi". Maandazi! Nikanyamaza kwa sababu pilau ninayokula kapika mkewe. Leo niko kwangu.

Mie kazi yangu ni warushaji, vijana wa miaka 14 mpaka 18, huu mwaka wa tisa, na hakuna msimu umepita bila kutokea baba mmoja kanunua rada ya kupimia spidi ya mpira. Anasimama nyuma ya wavu anasoma namba kwa sauti kama konda anaita vituo. Mtoto akisikia namba imeshuka anakaza bega, akikaza bega kiwiko kinaanguka, mpira unakuja umenyooka katikati ya sahani, ile besi anaposimama mpigaji, unapigwa unaenda kuokotwa huko walikopaki magari. Baba anacheki rada yake, "84, sio mbaya". Sio mbaya kwa nani mzee wangu?

Haya, tuanze na hao wakali wa spidi wenyewe. Mpira wa kasi kuliko yote kwenye vitabu ni wa Aroldis Chapman, Mcuba, Septemba 24, 2010, akichezea Cincinnati, maili 105 na ushee, hiyo ni kama kilomita 170 kwa saa. Sasa niambie nani alikuwa amesimama na gongo siku hiyo. Eeh? Alikuwa Tony Gwynn mdogo, mtoto wa yule Tony Gwynn mpigaji mashuhuri, na hamumkumbuki, wala siwalaumu, kwa sababu mlichokiona ni namba kwenye ubao tu.

Afu nenda kwa Mmexico yeyote wa umri wa kwenda juu hapa mjini umtajie Fernando Valenzuela, utaondoka saa mbili baadaye. Mtoto wa kijijini Etchohuaquila kule Sonora, mnene, miaka 20, Kiingereza hana, 1981 Dodgers ya Los Angeles wanampa mechi ya ufunguzi kwa sababu tu aliyepangwa kaumia mguu, na wapinzani ni nani? Astros, hawahawa wa kwetu Houston. Kawafunga 2-0, kamaliza mechi mwenyewe. Akaendelea hivyo mpaka akafika ushindi 8 bila kufungwa, 5 kati ya hizo hakuruhusu hata mkimbio mmoja, yaani hata bao moja, na mwaka huohuo akachukua mchezaji bora wa mwaka wa kwanza na Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa pamoja, kitu ambacho hajawahi kukifanya mwingine. Uwanja ule wa Los Angeles ulijengwa kwenye bonde ambalo familia za Kimexico zilitolewa kwa nguvu, watu walikuwa na kinyongo cha miaka zaidi ya ishirini, anakuja kijana mwenye sura ya mjomba wao anajaza viti. Na spidi yake? Ya kawaida tu! Alikuwa na skruboli, mpira unaokata kinyume na kevu, ule wa kupinda wa kawaida, na katikati ya kurusha anainua macho mbinguni kama anahesabu ndege. Kocha mwenzangu hapa uwanjani, baba yake alikuwa kijana mwaka huo, mpaka leo mzee akisimulia anainua macho vilevile. Fernando alifariki Oktoba 2024, siku chache kabla Dodgers hawajaanza fainali, na huyo mwenzangu hakuja mazoezini siku mbili, wala sikumuuliza.

Najua mnachosubiri kuniambia: Nolan Ryan. Hapa ukimgusa Ryan umegusa mzee wa mji, kakulia Alvin hapo kusini tu, kachezea Astros, kamalizia Rangers. Sawa, straikiauti 5,714, yaani wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, no-hita saba, mechi ambazo hakuna aliyempiga mpira salama, hakuna wa kumfikia. Lakini mbona hamtaji ile namba nyingine? Aliwatembeza watu 2,795, yaani karusha nje mara nne mtu akapewa besi ya kwanza bure, nayo ni rekodi, misimu 27 na Cy Young hana hata moja. Mie siisemi kwa ubaya, hiyo ni nusu ya utamu wake. Mpigaji alikuwa anaogopa spidi, ndio, ila zaidi alikuwa anaogopa kwamba hata Ryan mwenyewe siku nyingine hajui mpira unakwenda wapi. Na sasa muulize Mtexas akupe kumbukumbu yake moja ya Ryan. Nimewauliza wengi. Hawakupi fastiboli, ule mpira wake wa kasi! Wanakupa Agosti 1993, Robin Ventura kapigwa na mpira, kakimbilia kichuguu anaposimama mrushaji, Ryan miaka 46 kamkaba kichwa kwapani anamshindilia ngumi kama mtoto aliyerudisha chenji pungufu dukani. Mfalme wa spidi anakumbukwa kwa kabali, jamani.

Tuje kwenye kinachoniudhi hasa, nalo ni hili la "fastiboli yake inapanda". Haipandi. Haijawahi kupanda. Toka ukiachia mkononi mpaka kwenye sahani ni kama sekunde 0.4, na kwa muda huo uzito wa mpira peke yake ungeushusha kama sentimita 80. Fastiboli nzuri inazunguka kinyumenyume, hewa inaubeba mpira, inaupunguzia kama nusu ya huo mteremko. Bado unashuka! Ila unashuka kidogo kuliko macho ya mpigaji yalivyozoea, na mpigaji lazima aamue mapema sana, mpira ukifika katikati yeye ashaanza kupeleka gongo mahali anapodhani utakuwepo, gongo linapita chini, anarudi benchi anaapa kwa jina la mama yake kwamba mpira ulipanda. Hadanganyi, ndivyo alivyouona. Ndio maana vijana wawili wanaweza kusoma 88 wote kwenye rada, mmoja anapigwa kila ining'i, yaani kila zamu, mwingine hagusiki. Huyu anauzungusha sawasawa na anauficha nyuma ya nyonga mpaka dakika ya mwisho, yule anauonyesha toka bega likiwa nyuma. Rada ya mzee haioni vyote viwili, inasoma 88 inanyamaza.

Greg Maddux, mrushaji wa zamani, aliwahi kulieleza hili la macho kudanganywa kwa mfano wa magari, kwamba ukisimama pembeni ya barabara kuu huwezi kutofautisha gari lenye mwendo huu na lile lililozidi kidogo. Mtu wa Tanga hahitaji profesa kwa hilo. Ulishasimama Segera unataka kuvuka, basi linakuja kwa mbali, unaliona vizuri kabisa, lakini linakuja na 80 au na 110? Utajua likishakupita. Sasa mpe mpigaji basi la 110, la pili la 110, la tatu linafanana nayo kila kitu ila lina 90, ataruka kabla halijafika. Hiyo ndo chenjiapu na hiyo ndo kazi nzima, mengine mapambo. Maddux alikuwa na mwili wa mwalimu wa hesabu na fastiboli ambayo leo wasaka vipaji wasingefungua hata daftari, kachukua Cy Young nne mfululizo, 1992 mpaka 1995, kashinda mechi 355, na misimu 23 yote katembeza watu 999. Mia tisa tisini na tisa! Rudi kwenye namba ya Ryan, afu kumbuka ining'i zao hazijapishana sana, wote zaidi ya 5,000.

Pedro Martínez alikuwa na vyote, spidi na chenjiapu, na vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Dodgers walimpeleka Montreal 1993 wakiona kijana mdogo mno, mwili hautahimili. Mwaka 2000, wapigaji wameota misuli na ligi yao ina ERA, wastani wa mikimbio mrushaji anayoruhusu kwa mechi, ya karibu 5, yeye kamaliza na 1.74. Nikiwa na huzuni huwa naangalia hiyo 1.74, basi.

Mariano Rivera ndo kabisa. Aina moja ya mpira! Kata tu, fastiboli inayohama pembeni mwishoni, miaka na miaka, kila mpigaji anajua inakuja, na inakuja, na gongo linavunjika mkononi. Aliipata 1997 akirushiana tu mpira na Ramiro Mendoza, mpira ukaanza kuhama wenyewe, na mwanzoni yeye na kocha wake walihangaika kuunyoosha. Yaani kocha, mtu wa kazi yangu hii, alitaka kumtibu ile kitu iliyokuja kumpa sevu 652, mechi alizoingia mwishoni akalinda ushindi, na kura zote bila kukosa hata moja alipoingia Jumba la Heshima 2019. Hii stori huwa inaninyima usingizi kidogo. Kuna vijana wangapi nimewanyoosha mie?

Na hapo niwe mkweli. Spidi inasaidia, mpigaji anapata muda mdogo, nikisema haina kazi nitakuwa mwongo. Vilevile wasaka vipaji wakija hapa wanakuja na rada zao, kijana wa 79 mwenye akili za Maddux hawamtazami mara mbili, kwa hiyo huyo baba ninayemcheka ana hesabu zake za ada ya chuo na siwezi kumwambia anakosea. Kuhusu viwiko ndo sijui niseme nini. Vitabu vinasema rusha vizuri hutaumia. Nimekuwa na mmoja anarusha vibaya mpaka nafumba macho, hajawahi hata kulalamika, na mwingine safi kama wa kwenye mchoro, miaka 17 kapasuliwa kiwiko, operesheni ya Tommy John, ile aliyoianzisha daktari Frank Jobe 1974. Mama yake aliniuliza tulikosea wapi. Nikamjibu maneno ya kitabuni na nikajisikia tapeli.

Kitu kingine ambacho siwezi kukifundisha wala kukieleza ni kwa nini watu wanampenda huyu na sio yule. Luis Tiant anampa mpigaji mgongo, anaangalia jukwaani kama anatafuta mtu anayemdai, afu mpira unakuja. Hideo Nomo anajizungusha mpaka unamwona namba ya mgongoni, Juan Marichal mguu juu ya kichwa. Unaweza kusema ni kuficha mpira, na kweli ni kuficha mpira. Lakini Mark Fidrych je? Detroit, 1976, kijana ana nywele kama sufi iliyotoka kwenye mto, anapiga magoti anasawazisha kichuguu kwa mikono, anaongea na mpira. Kashinda mechi 19, uwanja unajaa akirusha yeye tu, mwaka uliofuata kaumia na hakurudi tena kama zamani. Msimu mmoja! Kuna warushaji wana ushindi 200 ambao hata majirani zao hawawajui, na yeye Detroit wanamzungumzia mpaka leo. Bartolo Colón naye, tumbo kama la mzee wa kijiweni, Mei 2016, umri miaka 42, kapiga hom rani, mpira wa kuvuka ukuta, ya kwanza maishani mwake kwenye ligi kuu, na mzunguko wa besi kautembea kama anaenda kuchukua maji ya kuoga. Nimeiangalia labda mara hamsini. Haina somo lolote la kiufundi.

Yule kijana wa baba mwenye rada juzi nilimfundisha chenjiapu, mpira ndani kabisa ya kiganja, mkono uende kasi ileile. Ilimchukua kama dakika arobaini. Ya kwanza iliyokaa vizuri, mpigaji wetu bora alizungusha gongo mpaka kofia ikamtoka, mdakaji akaangua kicheko. Baba akaitikisa rada, akaigonga kwenye kiganja, akaniita, "kocha, hii imeharibika, inasoma 68".

Mazoezi ni Jumamosi saa mbili asubuhi, na mzee wa pilau naye anakaribishwa, aje na simu yake.